Nani Mwenye Ruta: Mnunuzi au Kiwanda?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa ufundi wa umeme na mawasiliano)



Nimeombwa nizungumzie programu huria zinazowekwa ndani ya ruta na ndani ya vituo vidogo vya kurushia mawimbi ya Wi-Fi. Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la wataalamu wachache, nasi wengine halituhusu. Mimi sikubali. Karibu katika kila ofisi, zahanati, duka na shule iliyounganishwa na intaneti kuna kisanduku kidogo chenye antena mbili tatu na vitaa vinavyowaka na kuzimika. Kila barua, kila malipo, kila taarifa ya mgonjwa hupita humo. Tunakinunua kwa fedha zetu, tunakitundika ukutani, tunakilipia umeme mwaka baada ya mwaka, na bado hatujui kinapokea amri za nani. Basi yafaa tuulize: chombo hicho ni mali ya nani?

Kisanduku hicho ni kompyuta. Kina chipu inayofikiri, kina kumbukumbu, kina redio, na kina programu iliyowekwa kiwandani inayoiambia redio izungumze vipi, imruhusu nani na imzuie nani. Programu hiyo ikiwa imefungwa, mnunuzi anamiliki plastiki na waya; akili ya chombo imebaki mikononi mwa kiwanda. Kiwanda kikichoka kuitengeneza, hakuna mwingine awezaye kuirekebisha, hata kama kasoro yake inajulikana dunia nzima.

Hebu niwaeleze jinsi mlango huo ulivyofunguliwa. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa sokoni ruta iliyoitwa WRT54G. Ilikuwa chombo kidogo: kumbukumbu ya kufanyia kazi megabaiti 16, na ya kuhifadhia megabaiti 4 tu. Mwaka uliofuata Linksys ikanunuliwa na kampuni kubwa ya Cisco. Katikati ya mwaka huo huo wa 2003, watu wenye udadisi waliokuwa wakiichunguza ruta hiyo wakagundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na kujengwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi.

Sasa, Linux hutolewa chini ya leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo yamruhusu yeyote kuitumia programu, kuibadili, kuigawa, hata kuiuza. Lakini ina sharti: anayeigawa kwa wengine lazima awape na msimbo wake chanzo, yaani maandishi yenyewe ya mwandishi wa programu, ambayo binadamu aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Ruta zilikuwa zikiuzwa, msimbo haukutolewa. Shirika la Free Software Foundation na watu wengine wakadai haki yao, na kabla ya mwaka 2003 kwisha kampuni ikautoa. Mwanzoni mwa mwaka 2004 ukazaliwa, juu ya msingi huo, mradi wa OpenWrt, ambao mpaka leo ndio shina la kazi hii.

Naomba mzingatie jinsi uhuru huo ulivyopatikana. Haukuja kwa hisani ya mtu. Ulidaiwa kwa nguvu ya sheria, na ilibidi udaiwe tena na tena. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilitoa amri ya kuizuia kampuni ya Sitecom isiendelee kugawa programu ya ruta bila kutimiza masharti ya GPL. Mwezi Desemba 2008 Free Software Foundation iliipeleka Cisco mahakamani, na mwaka 2009 wakapatana. Leseni nzuri isiyo na mtu wa kuisimamia ni karatasi tu.

Na viwanda navyo havikulala. Mwaka 2005 WRT54G ilitolewa kwa toleo jipya: Linux imeondolewa, mfumo mwingine uliofungwa umewekwa mahali pake, na kumbukumbu zimepunguzwa nusu. Waliotaka Linux wakatengenezewa aina ya pekee, WRT54GL, wainunue kwa bei ya juu zaidi. Yaani kile ambacho jana kilikuwa ndani ya kila chombo, leo kimekuwa bidhaa ya ziada. Mfanyabiashara hodari hapotezi kitu.

Ndugu wanafunzi, huenda mtu akauliza: kama ruta inafanya kazi, kwa nini tujisumbue na programu yake? Jibu alilitoa adui. Mwezi Mei 2018 wachunguzi wa usalama wa mitandao walitangaza habari za programu haribifu iliyopewa jina la VPNFilter. Ilikuwa imekwisha kuingia katika ruta na vyombo vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54. Iliweza kupeleleza yanayopita ndani ya chombo, na iliweza hata kukiua kabisa. Kukizima chombo na kukiwasha hakukutosha kuing'oa, kwa sababu sehemu yake moja ilibaki ndani. Waliodhurika walikuwa watu wa kawaida ambao ruta zao zilikuwa zikifanya kazi vizuri, kwa kadiri walivyoona wao.

Hali hiyo yatokana na desturi mbaya ya biashara. Kampuni hutoa aina mpya za ruta kila mwaka, na zile za zamani huachwa bila marekebisho baada ya miaka michache. Redio yake bado nzima, chipu yake bado nzima, lakini mlango wake umeachwa wazi usiku na mchana. Mwenye fedha atanunua nyingine. Sisi tusio na fedha za kutupa ndio tunaobaki na milango wazi, na baadaye tunabaki na taka za vyombo visivyooza. Pale ambapo programu huria yaweza kuwekwa, ruta iliyoachwa na kiwanda hupata marekebisho kwa miaka mingine kadhaa.

Nasema "yaweza", kwa maana haiwezekani kila mahali. Na hapa ndipo ninapofikia kazi yenyewe, ambayo ningependa muijue kwa mikono.

Leo OpenWrt hufanya kazi katika aina zaidi ya 1,000 za vyombo. Hesabu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Kila aina iliongezwa na mtu aliyekuwa nayo mezani, akaifungua kwa bisibisi, akaisoma. Kwanza huangalia chipu: ni ya nani, na je, ndugu zake wamekwisha kufanyiwa kazi? Kama ndiyo, nusu ya safari imekwisha. Halafu hutafuta kwenye ubao wa saketi matundu au pini, mara nyingi nne, ambazo mhandisi wa kiwanda aliziacha kwa ajili ya kujaribia. Moja ni ya ardhi, moja ya kupeleka, moja ya kupokea, na ya nne ni ya umeme, ambayo mtu mwangalifu haiunganishi. Kwa kawaida volti zake ni 3.3, ukiingiza 5 waweza kuiunguza chipu. Ukiunganisha nyaya tatu na kompyuta yako kwa kifaa kidogo cha seriali, mara nyingi kwa mwendo wa biti 115,200 kwa sekunde, chombo huanza kujieleza chenyewe: kina kumbukumbu kiasi gani, kimezigawa vipi, kinaamka kwa utaratibu gani.

Jambo la kwanza baada ya hapo ni kunakili kila kilichomo, kabla ya kugusa chochote. Sitachoka kulirudia hili. Ndani ya kumbukumbu ya ruta mna sehemu ndogo yenye vipimo vya redio ya chombo kile kile, vilivyochukuliwa kiwandani, pamoja na anwani yake ya kudumu. Vipimo vya chombo kimoja si vya mwenziwe, hata kama vimetoka katika boksi moja. Fundi mwenye haraka akiifuta sehemu hiyo, redio haitafanya kazi ipasavyo tena, na hakuna duka linalouza vipimo hivyo.

Kisha huandikwa faili la maelezo ya chombo. Humo kiini cha Linux huelezwa kwamba kumbukumbu inaanzia hapa na kuishia pale, kitaa hiki kimeunganishwa na pini hii, kitufe hiki na pini ile, vipimo vya redio visomwe kutoka mahali fulani. Si faili refu. Mara nyingi halizidi kurasa chache. Programu mpya hupakiwa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ili ikikosewa, kuzima na kuwasha kurudishe mambo yalivyokuwa. Ikithibitika, ndipo huandikwa katika kumbukumbu ya kudumu. Mwisho kazi hiyo hupelekwa kwa wasimamizi wa mradi ikiwa na tamko la aliyeiandika kwamba anayo haki ya kuitoa, nao huikagua mstari kwa mstari. Hukosoa, na pengine hukosoa kwa ukali. Mtu hurudishiwa kazi yake mara tatu nne. Siku ikikubaliwa, kila mwenye ruta ya aina hiyo, awe Mbeya au Manila, hupata programu yake bila malipo. Sioni kazi nyingi za ufundi ambazo jasho la mtu mmoja huwafikia watu wengi kiasi hicho.

Haifai niwafiche matatizo. Liko suala la sheria za mawimbi, nalo ni la haki. Redio isiyo na mipaka yaweza kuingilia mitambo ya hali ya hewa na ya wengine. Mwaka 2015 tume ya mawasiliano ya Marekani ilitoa masharti kuhusu ruta za mawimbi ya gigahezi 5, na kwanza ikauliza viwanda vinazuiaje programu za watu wengine. Viwanda vikaona njia nyepesi: kufunga kila kitu. Wananchi wengi na wahandisi wakapinga, na tume ikaeleza kwamba shabaha yake ilikuwa mipaka ya redio. Mwezi Agosti 2016 kampuni ya TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa kuuza ruta zilizoweza kuzidisha nguvu ya mawimbi. Lakini katika mapatano hayo hayo iliahidi kushirikiana na jamii ya programu huria ili ruta zake ziweze kuzipokea. Kwa hiyo anayesema sheria inakataza programu huria, na aulizwe ni sheria ipi. Serikali yaweza kulinda mawimbi bila kumnyang'anya mnunuzi chombo chake.

Liko pia tatizo la chipu. Watengenezaji wengine wamesaidia kuweka programu za kuendeshea redio zao ndani ya Linux, wengine wamezificha. Redio nyingi za Broadcom, kwa mfano, ni ngumu kuzitumikisha kwa programu huria, ingawa kazi yote hii ilianzia katika ruta yenye chipu ya Broadcom. Na mradi wenyewe una mipaka. Ruta zenye megabaiti 4 za kuhifadhia na 32 za kufanyia kazi ziliachwa baada ya toleo la 19.07 lililotoka mwaka 2020, kwa kuwa Linux imekua na nafasi haitoshi. Hata watu wa mradi waliwahi kugombana: mwaka 2016 baadhi yao walijitenga wakaanzisha mradi wa LEDE, wakarudiana mwaka 2018. Msimbo ulikuwa wa wote, hivyo ugomvi haukuwanyima watumiaji kitu.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya Ulaya na Marekani pekee. Katika kijiji cha Mankosi, Rasi ya Mashariki, Afrika ya Kusini, wanakijiji pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape walijenga mtandao wao, wakauendesha kwa ushirika uitwao Zenzeleni; neno hilo kwa Kixhosa ni "jifanyieni wenyewe". Walianza na vyombo viitwavyo Mesh Potato, ambavyo programu yake ilijengwa juu ya OpenWrt, na ambavyo hupokezana ujumbe kutoka nyumba hadi nyumba kwa utaratibu uliobuniwa na wanachama wa Freifunk, mtandao wa wananchi ulioanzia Berlin. Wazungu wa mjini walitatua shida yao, na wanakijiji wa Kiafrika wakaichukua suluhu hiyo bila kuomba ruhusa wala kulipa kodi ya mtu.

Nini basi tufanye? Mimi ningeanza na ununuzi. Shule, hospitali na ofisi zinunuapo ruta, masharti ya zabuni hutaja bei, mwendo na dhamana. Yaongezwe mawili: muuzaji aeleze kwa maandishi atatoa marekebisho ya usalama hadi mwaka gani, na chombo kiwe ni cha aina inayokubali programu huria. Orodha ya aina hizo i wazi kwa kila mtu. Tangu mwishoni mwa 2024 iko hata ruta iliyobuniwa na mradi wenyewe pamoja na shirika la Software Freedom Conservancy, OpenWrt One, yenye kumbukumbu mbili zilizotengana, ili moja ikiharibiwa na mwanafunzi nyingine imwokoe. Kwa karakana ya mafunzo sijui chombo kinachofaa zaidi.

La pili lawahusu ninyi moja kwa moja. Katika stoo za ofisi zetu zimelundikana ruta zilizokwisha kuitwa mbovu. Nyingine kweli zimekufa. Nyingine zimeachwa tu na viwanda vyake, na chache kati ya hizo hazijaongezwa na mtu yeyote, kwa kuwa ziliuzwa katika masoko ambayo wataalamu wa Ulaya hawanunui. Hakuna atakayezifungua huko. Walio nazo ni sisi.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta moja ya ruta hizo. Ipo hapo mezani, kifuniko kimekwisha kuondolewa, na pini nne zaonekana karibu na kona. Watakaopenda kuzipima wabaki baada ya maswali. Kipimo cha volti kipo, ila bisibisi ni moja.