Picha Kutoka Pakiti za Unga

Vijana wetu wa Migori na Homa Bay, wengi mnaniambia mmeacha kuchora kwa sababu rangi ni ghali. Mkenya mwenzetu Rosemary Karuga, aliyesomea sanaa Makerere miaka ya 1950, naye alikosa pesa za rangi. Alikata pakiti za unga na za sabuni ya Rexona, akazibandika zikawa picha za watu na mifugo ya kijijini. Mwaka 1990 zilionyeshwa New York!

Nyumbani, jerikeni limelisukuma dapi pembeni, na koroboi imetupwa. Nyanya angali anajua dapi lilivyopoza maji. Muulize sasa, kisha chora. Gunia kuukuu la mkonge linatosha. Lipake gundi kwanza, lisije likanywa rangi yote.