Msichana Aonyeshwe Kazi, Si Tuzo Pekee

Kila ifikapo tarehe 11 Februari, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 2015 kuwa Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, husisitizwa umuhimu wa vielelezo, yaani wanawake waliokwisha kuipita njia ambayo msichana anahimizwa kuifuata, na ambao maisha yao yanathibitisha kwamba inapitika. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini hupoteza nguvu pale kielelezo kinapobaki kuwa picha ukutani na orodha ya tuzo, kwa kuwa kinachomvuta msichana ni kazi anayoweza kuielewa.

Profesa Wangari Maathai wa Kenya, kwa mfano, anakumbukwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, ilhali haisemwi sana kwamba alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama, yaani elimu ya muundo wa mwili na viungo vyake, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1971. Alipokuwa vijijini akikusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe hao, aliona mito iliyojaa tope na ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho, akatambua kwamba ardhi iliyovuliwa miti ilikuwa tishio kubwa kuliko kupe. Upandaji miti alioanzisha mwaka 1977 ulitokana kwa sehemu na jicho hilo la mtafiti.

Nchini Tanzania, Profesa Julie Makani, aliyesomea udaktari Muhimbili, amejikita huko huko katika utafiti wa selimundu, ugonjwa ambao jina lake limeunganisha seli na mundu, kwa sababu chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya mviringo na laini, hujipinda kama mundu, ikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Mwaka 2011 utafiti huo ulimpatia tuzo ya Royal Society ya Uingereza. Hata hivyo, msichana aliyewahi kumwona ndugu au jirani akiugua selimundu atavutwa zaidi akiinamia hadubini, akaiona chembe iliyopinda kwa macho yake, na kuelezwa na mwanamke kama mama yake jinsi inavyotafitiwa.

Wakati nao una uzito wake. Wanafunzi wengi wa Tanzania wamekuwa wakiamua baada ya kidato cha pili kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha, na anayeziacha hujifungia tahasusi, yaani makundi ya masomo matatu ya kidato cha tano, zinazoelekea kwenye udaktari na uhandisi. Kwa hiyo mwanasayansi anayealikwa kuzungumza na wasichana wa kidato cha nne hukuta wengi wamekwisha kuondoka njiani.

Shule hazilazimiki kumsubiri profesa. Mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya, bibi shamba wa kata na daktari wa mifugo wa wilaya wanaweza kuja mapema, wakiwa na vifaa vyao mkononi, na kueleza bila kuficha somo lililowashinda mara ya kwanza na namna walivyolirudia. Kielelezo hakizibi pengo la maabara wala la mwalimu wa fizikia. Bali humpa msichana sababu ya kuvidai vyote viwili kama haki yake.