Imani ya Wachukuzi

Dominika ya Saba ya Mwaka B: Marko 2:1–12



Injili ya leo yatupeleka Kapernaumu, kwenye nyumba iliyosongwa na watu hata mlango haupitiki. Watu wanne wamemchukua mgonjwa wa kupooza. Walipokosa njia, walipanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha pamoja na kitanda chake mbele ya Bwana. Naye Marko aeleza kwamba Yesu aliiona imani yao: si ya mgonjwa peke yake, bali na ya wachukuzi wake.

Huko Cornwall, rasi iliyo kusini-magharibi mwa Uingereza, wako wachukuzi wa namna hiyo. Vijiji vimetawanyika, barabara nyingi ni nyembamba, na chini ya magenge ya pwani gari halifiki. Mwezi Aprili 1987 ilianza huko huduma ya helikopta ya kuchukua wagonjwa, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Wahudumu wake hushuka shambani au ufukoni, humtibu majeruhi pale alipo, kisha humpeleka hospitali. Mgonjwa hadaiwi hata senti. Helikopta hiyo huruka hasa kwa michango ya watu: sadaka, wosia za marehemu, bahati nasibu, na faida ya maduka ya nguo kuukuu.

Tutafakari jambo hili. Atoaye sarafu yake leo hajui itamwinua nani. Pengine ni mgeni, pengine adui yake, pengine mwanawe mwenyewe. Ila ajua kwamba saa ya ajali si saa ya kuanza kuchangisha fedha. Huruma isiyojiandaa hufika wakati wa mazishi.

Sisi hatuna helikopta. Lakini ni mara ngapi tumechanga upesi kwa ajili ya sanda na jeneza la mama aliyekosa nauli ya kufika hospitali angali hai? Rambirambi ni tendo jema la huruma, nasi tusiliache. Hata hivyo, wale wanne hawakungoja msiba.

Basi, kila jumuiya ndogo ndogo na iwe na akiba ya wagonjwa, machela iliyo tayari, na mwenye gari aliyekubali kuamshwa usiku. Hapo Bwana atakapotutazama, ataiona imani yetu mabegani mwetu.

Amina.