Kila Mtoto wa Paka na Mdhamini Wake: Maadili ya Kuzalisha, Kununua na Kugawa Paka katika Pwani ya Kilwa na Lindi



1. Utangulizi

Pwani hii imeishi na paka tangu enzi za majahazi. Vyombo vilivyoleta bidhaa za ng'ambo katika bandari zetu vilileta pia panya weusi, na penye panya na ghala la nafaka paka hakosi kazi. Mpaka leo paka wengi wa Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko na Lindi mjini ni wa mtaa: huyu anawatupia vichwa vya samaki, yule anawaachia kivuli cha uani. Utaratibu huo una wema ndani yake. Kasoro yake huonekana jike anapozaa, kwa sababu mama ni wa wote, lakini watoto hawana mwenyewe.

Hoja yangu ni moja. Anayemzalisha paka, au anayemwacha azae ilhali angeweza kuzuia, ni mdhamini wa kila mtoto mpaka apate nyumba. Dhamana hiyo haipungui kwa kuwa paka ni wa bure, wala haiishi kwa kuwa amelipiwa fedha nyingi.

2. Paka wa mtaa

Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 5 tu, naye mwenyewe bado mtoto. Mimba huchukua siku 63 hadi 65, na wiki chache baada ya kuzaa anaweza kupandwa tena. Nyumba iliyoanza na paka mmoja wa kufukuza panya hujikuta imezidiwa kabla mwaka haujaisha. Hapo ndipo kiroba hutafutwa, watoto wakatiwa humo na kwenda kuachwa soko la samaki, kwa kujipa moyo kwamba huko hawatalala njaa.

Tumtazame mtoto wa wiki 4 chini ya meza ya muuza samaki. Meno ya maziwa ndiyo kwanza yanachomoza. Bado ananyonya, na kujisafisha hajajua sawasawa, hivyo magamba na shombo vinamganda manyoyani. Kila kipande kinachoanguka, paka shume anakifikia kabla yake. Chakula kimejaa sokoni, lakini yeye hakipati.

Wengi wetu tumefundishwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie riziki. Kosa lake lilikuwa kumkatia kiumbe njia ya kuishi. Anayemtenga mtoto na ziwa la mama yake kabla hajaweza kujitafutia anafanya jambo la namna hiyo hiyo, hata kama hakufunga mlango.

3. Paka wa nasaba

Siku hizi wapo wanaoagiza kutoka Dar es Salaam paka wa Kiajemi na wa Siam, wale ambao mitaani huitwa paka wa kizungu. Biashara hiyo inaibua maswali mawili.

La kwanza ni bei. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Jabir inayokataza thamani ya paka, na wanazuoni wamehitilafiana kuhusu maana yake. Imamu Nawawi, wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi pwani, alieleza kwamba kuuza paka mwenye manufaa kunasihi. Makatazo, kwa maelezo yake, yanaweza kuwa ya karaha, ili watu wazoee kupeana paka kwa ukarimu. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba bei inaweza kufidia chanjo, chakula na matunzo, lakini tumbo la jike lisigeuzwe mtaji wa kuzalisha bila kupumzika.

La pili ni mwili wa paka mwenyewe. Kadiri uso wa paka wa Kiajemi unavyofanywa bapa, ndivyo pua inavyobana na machozi yanavyokosa njia, yakaacha michirizi ya kahawia mashavuni. Mtie kiumbe huyo, na manyoya yake mazito, ndani ya boksi la basi kwa safari ya mchana wa joto mpaka Kilwa. Akifika anahema mdomo wazi, na kwa paka hiyo ni dalili ya hatari. Ukoo huo pia una ugonjwa wa kurithi wa vivimbe vya maji kwenye figo. Mzazi mmoja mwenye kinasaba cha ugonjwa huo anatosha kuurithisha kwa wastani wa nusu ya watoto wake, ingawa kipimo cha kuubaini kipo. Paka wa Scottish Fold, anayependwa kwa masikio yaliyokunjika, hubeba kasoro ya gegedu ileile inayomuumiza viungo. Uholanzi imepiga marufuku kumzalisha. Uzuri unaomtesa mwenyewe haufai kununuliwa, maana kila anayenunua anaagiza mwingine azaliwe.

Jirani zetu wana mfano wa kuzingatia. Mwaka 1978, karibu na Watamu, Kenya, Jeni Slater aliwachukua watoto wa paka wenye madoa ya pekee, ambao Wagiriama waliwajua kwa jina la khadzonzo. Baadhi walipelekwa Denmark katika miaka ya 1980, na leo wanatambulika duniani kama aina ya Sokoke. Kwa kuwa walioanzisha ukoo huko Ulaya walikuwa wachache, ilibidi baadaye watafutwe wengine kutoka Kenya ili kuongeza damu mpya. Basi mwenye dume na jike wa tumbo moja hapa Lindi asijidanganye kwamba ana mbegu. Paka wa mtaa, mwenye damu mchanganyiko iliyozoea joto letu, hana sababu ya kudharauliwa mbele ya paka wa nasaba.

4. Kugawa paka

Kugawa ni sehemu ya ulezi. Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 8, na wiki 12 ni bora zaidi. Anayepokea aulizwe: atalala wapi, nani atamlisha ukisafiri, utampeleka chanjo? Mkoa wa Lindi ulikuwa katika mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioendeshwa kusini mashariki mwa Tanzania kuanzia 2010. Kazi ile isipotee kwa kusahau kwamba paka naye huugua na kuambukiza.

5. Mapendekezo

(a) Halmashauri zipange siku za kuhasi madume na kufunga kizazi majike, sambamba na siku za chanjo, zikianzia masoko ya samaki.

(b) Muuzaji wa paka wa nasaba amwonyeshe mnunuzi mama wa mtoto na kadi ya chanjo, na akubali kumpokea paka aliyeshindikana.

(c) Asiyeweza kufunga kizazi cha paka wake atafute wapokeaji kabla jike hajazaa.

(d) Madrasa na shule zifundishe wajibu huu pamoja na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama.

Naomba semina hii isiahirishwe kabla hatujakubaliana ni soko gani litaanza, na nani miongoni mwetu atabeba jukumu hilo.