Jumanne ya Pili ya Agosti: Karatasi Inayojihesabia Siku
Mhadhara wa umma, Bukura, Kakamega



Wengi wenu hapa Bukura hugawanya kwa saba bila kuiita hisabati. Mayai yakiingia kwenye mashine ya kuangulia siku ya Alhamisi, vifaranga hutarajiwa Alhamisi, maana siku 21 ni wiki tatu kamili. Nguruwe hubeba mimba siku 114, yaani wiki 16 na siku mbili. Akipandishwa Jumatatu, mfugaji ajiandae kukesha Jumatano. Ng'ombe hukaribia siku 283, wiki 40 na siku tatu. (Ng'ombe hajasoma kalenda, atazaa akitaka.) Wiki zenyewe hatuna haja nazo. Tunachotafuta ni baki.

Leo nataka kazi hiyo tuipe karatasi. Tangazo la chama cha ushirika likisema "Jumatano tarehe 14", kumbe tarehe 14 ni Jumanne, nusu ya wanachama watafika siku moja kabla ya wenzao. Kosa hili halitokani na ujinga. Mtu huchukua tangazo la mwaka jana, akabadilisha tarehe, akaisahau siku. Dawa yake ni kuandika tarehe peke yake, na programu inayopanga chapa ikokotoe siku.

Programu ninayoitumia ni TeX. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuiunda mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya kuchukizwa na sura ya kurasa za kitabu chake mwenyewe zilivyotoka kwa wapiga chapa. TeX inajua leo ni tarehe ngapi, mwezi gani, mwaka gani. Vimo ndani ya \day, \month na \year. Kama ni Jumatatu au Ijumaa, haijui. Ila inakuruhusu kuandika makro, yaani amri yako mwenyewe iliyoungwa kwa amri ndogondogo, na hizo zinatosha.

Kanuni tunaiazima kwa Christian Zeller, mchungaji wa Kijerumani aliyeichapisha katika miaka ya 1880. Tuijaribu kwa 12 Desemba 1963, siku Kenya ilipopata uhuru. Shika tarehe, 12. Chukua namba ya mwezi, ongeza moja upate 13, zidisha kwa 13, gawanya kwa tano, tupa kipande: 33. Jumlisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka, 63, na robo yake bila vipande, 15. Kisha chukua karne, yaani tarakimu mbili za kwanza za mwaka, 19: robo yake bila vipande, 4, na mara tano yake, 95. Jumla ni 222. Januari na Februari huhesabiwa kama mwezi wa 13 na wa 14 wa mwaka uliotangulia, ili ile tarehe 29 ikae mkiani isimsumbue mtu.

Sasa baki. TeX haina amri ya kuitoa. Inajua kugawanya tu, na kipande inakitupa. Basi makro hunakili 222 kwenye rejista ya pili, yaani kisanduku kingine cha kutunzia namba, hugawanya kwa 7 ikapata 31, huzidisha tena kwa 7 ikapata 217, halafu huondoa 217 kwenye 222. Tano. Zeller aliipa Jumamosi sifuri, Jumapili moja, na kuendelea, kwa hiyo tano ni Alhamisi. Wazee waliokesha usiku ule bendera ikipanda watanithibitishia.

Hapa pana mtego. Wengi huandika kanuni hii kwa kutoa karne mara mbili badala ya kuijumlisha mara tano. Kwenye ubao ni mamoja, kwani tofauti ni mafungu kamili ya saba. Kwenye TeX si mamoja. Jaribu 1 Machi 2000: jumla inakuwa hasi 24, TeX inakata kuelekea sifuri, baki inatoka hasi tatu, na \ifcase, amri inayochagua jina, haina jina la hasi tatu. Wala hailalamiki. Inaacha pengo mahali pa siku, na tangazo linaenda kupigwa chapa hivyo hivyo. Afadhali programu inayogoma. Ukijumlisha mara tano unapata 116, baki nne, Jumatano, nayo ndiyo sahihi.

Mkitaka mahali ambapo hesabu hii ni ya taifa zima, fungueni Katiba ya 2010, kifungu cha 101. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Katiba haikutaja tarehe, imeacha ikokotolewe. Jumanne hiyo haitangulii tarehe 8 wala haipiti 14. Makro hutafuta baki ya tarehe 8, huiondoa kwenye tatu, ambayo ni namba ya Jumanne, ikitoka hasi huongeza saba, kisha hujumlisha nane. Mwaka 2017 ilitoka 8, mwaka 2022 ikatoka 9. Tarehe 8 Agosti 2027 ni Jumapili, baki moja. Tatu toa moja ni mbili, kwa hiyo tutapiga kura tarehe 10. Mwaka 2032 itakuwa tarehe 10 tena: miaka mitano husogeza siku tano, Februari za 2028 na 2032 huongeza mbili, na saba ni sawa na sifuri.