Kunywesha Mimea Kutoka Chini: Faida na Hasara Zake

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kesses, wakati wa kiangazi

Tunajua kuna ng'ombe wa kukamuliwa jioni, kwa hivyo hatutawaweka hapa mpaka giza liingie.

Leo tumekuja kwa sababu ya swali mlilotuletea. Kikundi kimoja hapa kimeweka akiba kidogo kidogo kwa muda mrefu. Sasa amepita muuzaji mwenye vyungu vya plastiki vilivyo na tangi dogo la maji chini. Amewaambia kwamba ukishajaza tangi hilo unaweza kwenda safari wiki mbili, na ukirudi utakuta mboga zimestawi. Wengine kati yenu wanasema pesa zote zitolewe, vyungu vinunuliwe, watu wapande dhania na maua ya kuuzia wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Moi hapa karibu. Wengine wanasema huo ni uwongo, maji hayapandi mlima. Tumesikia hata watu wameanza kununiana. Basi tumeona tukae chini pamoja, tuliangalie jambo hili pande zote mbili.

Je, maji yanaweza kupanda?

Ndiyo, yanaweza. Hebu fikirini koroboi. Mafuta yako chini kwenye mkebe, na moto uko juu. Nani anayapandisha? Ni utambi. Mafuta hupita katika nafasi ndogo ndogo za nyuzi mpaka juu. Chovya ncha ya kitambaa kikavu katika kikombe cha maji, uone maji yanavyokipanda. Udongo pia una nafasi ndogo ndogo kama hizo. Ukiweka chungu chenye matundu chini ndani ya karai lenye maji kidogo, udongo utayavuta mwenyewe.

Lakini hayapandi bila mwisho. Katika mchanga mnene yanapanda kidogo tu, halafu yanakwama. Katika udongo mzuri uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, chombo chenye kimo cha shubiri moja kitalowa mpaka karibu na juu. Ukichukua ndoo ndefu ukaijaza udongo wa kichanga, chini kutakuwa tope na juu kutakuwa vumbi. Kwa hivyo yule muuzaji hakudanganya kwamba maji hupanda. Ila kuna mengine ambayo hakuyasema.

Faida zake

Ya kwanza, mbegu ndogo hazisombwi. Akina mama mnajua mbegu za managu na za terere zilivyo ndogo kama vumbi. Ukimwaga maji kwa juu na kikombe, zote zinakimbilia kona moja. Maji yakitoka chini, mbegu zinabaki pale ulipozipanda.

Ya pili, majani yanabaki makavu. Magonjwa mengi ya majani, kama yale ya nyanya, hupenda jani lililolowa. Tena kuna mimea ambayo haitaki kabisa kumwagiwa. Liko ua moja dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, lenye majani ya manyoya kama sikio la ndama. Likidondokewa na maji baridi, majani hupata madoa. Kwa sababu hiyo watu wengi wa Ulaya na Marekani wanaolifuga dirishani hulinywesha kwa chini. Na mjue kwamba ua hilo ni la kwetu Afrika Mashariki. Linaota lenyewe kwenye milima ya Usambara kule Tanzania, na jamaa yake anaota kwenye milima ya Taita hapa Kenya. Lilipewa jina hilo mwaka 1893 na Mjerumani Hermann Wendland, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa aliyelituma kwao kutoka Usambara. Sisi tunalipita msituni, wenzetu wanalinunua kwa pesa.

Ya tatu, maji hayapotei ovyo. Ukimwagilia kwa juu, mengine yanapita pembeni ya udongo na kutoka chini kabla mizizi haijayapata, na mengine yanakauka juu ya udongo. Hapa lazima tuseme ukweli wote. Maji yanayonywewa na majani yenyewe hayapungui. Mmea mkubwa wenye kiu utakunywa tu. Kinachookolewa ni yale yaliyokuwa yanamwagika. Lakini kwa mama au msichana anayepanda kutoka mtoni na mtungi wa lita 20 mwezi wa Januari, hata yale ya kumwagika ni mzigo mgongoni.

Ya nne, inamsaidia asiye na nguvu. Mzee au mgonjwa hawezi kuinama asubuhi na jioni. Chombo chenye maji chini kinaweza kumpumzisha siku kadhaa.

Hasara zake

Sasa tuje upande wa pili, na tuanze na kosa letu wenyewe.

Mwaka mmoja tulishauri kikundi fulani kiweke miche ya kabichi ndani ya ukumbi, kwa sababu nje usiku kulikuwa na baridi kali na kuku walikuwa wanachakura. Tukasema iwekwe kwenye trei za maji, na maji yasikauke hata siku moja. Hatukuwa tumejaribu jambo hilo nyumbani kwetu. Tulikuwa tumesikia tu, tukafundisha. Baada ya siku kumi hivi miche ikaanza kulegea. Sisi tukadhani ina kiu, tukaongeza maji. Kumbe mizizi ilikuwa inazama! Mzizi unahitaji hewa kama sisi. Ukikosa hewa unaoza, nao ukioza hauwezi kupandisha maji, kwa hivyo jani hulegea sawasawa na lile lenye kiu. Shina likawa jeusi pale chini, miche ikaanguka mmoja mmoja kama imekatwa kwa kisu. Na kwa sababu trei ilikuwa moja, ugonjwa ulihama kutoka kopo hadi kopo kwa maji yale yale. Zaidi ya nusu ilikufa.

Tulirudi tukaomba msamaha, tukanunua mbegu nyingine. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kikundi kilikuwa kimepoteza wiki sita, na mama mmoja alituambia wazi, "Ninyi mkikosea mnaandika ripoti, sisi tukikosea watoto wanakula ugali mtupu." Neno hilo hatujalisahau. Ndiyo sababu leo hatuwaambii nunueni, wala hatuwaambii msinunue. Tunawaambia jaribuni kwanza.

Hasara ya pili ni chumvi. Mbolea ya dukani kama DAP na CAN ina chumvi zake. Maji yanapopanda hubeba chumvi hizo mpaka juu, kisha maji yanakauka na chumvi inabaki. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, si theluji, ni chumvi, na inaweza kuunguza mche. Dawa yake ni rahisi. Mara moja kwa mwezi mwagilia kwa juu, maji mengi mpaka yatoke chini, halafu yamwage hayo yaliyotoka.

Ya tatu ni giza na baridi. Tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, mmea hupata mwanga kidogo, na mmea wenye mwanga kidogo hunywa kidogo. Utambi nao hauna akili, unazidi kupandisha. Udongo unabaki mbichi na baridi, na mizizi inaoza. Wengi husema mmea wa nyumbani umekufa kwa kukosa maji, kumbe umekufa kwa kukosa mwanga.

Ya nne ni mbu. Maji yaliyosimama wazi ni nyumba ya mbu, na malaria mnaijua, hata huku kwetu kwenye baridi imewahi kupanda na kutusumbua. Kila tangi la maji lifunikwe. Na karai la maji lisiachwe sakafuni mahali ambapo mtoto anatambaa, hata kama maji ni kidogo.

Kujitengenezea chombo

Kabla ya kutoa pesa ya chama, tengenezeni hiki kidogo. Inatakiwa chupa ya soda ya plastiki ya lita 2, kisu, msumari uliopashwa moto, na kipande cha kamba ya nailoni au utepe wa blanketi kuukuu. Kitambaa cha pamba pia kinafaa, ila huoza baada ya miezi michache.

1. Kata chupa katikati. Toboa kifuniko kwa msumari, pitisha utambi, nusu juu na nusu chini.
2. Geuza sehemu ya juu, mdomo uangalie chini, uiweke ndani ya sehemu ya chini.
3. Weka udongo mwepesi, yaani udongo wa shamba, mboji iliyooza na mchanga kidogo. Utambi usimame katikati ya udongo, usikunjwe chini.
4. Weka maji sehemu ya chini. Yaguse utambi, yasiguse udongo.
5. Siku ya kupanda mwagilia kwa juu kwanza. Udongo mkavu kabisa haujui kuvuta maji, na mche mchanga mizizi yake bado haijafika chini.
6. Funika sehemu ya chini kwa gazeti au kitambaa cheusi ili maji yasiote ukijani.

Ukitumia ndoo mbili, moja ndani ya nyingine, toboa tundu ubavuni mwa ile ya nje, chini kidogo ya mahali udongo unapoanzia. Maji yakizidi yatokee hapo. Chombo kisicho na tundu hilo ni mtego wa kuozesha mizizi. Na tafadhali sana, msitumie mitungi iliyokuwa na dawa ya kuogesha ng'ombe au dawa ya magugu, hata ikioshwa mara ngapi.

Kwa wenye trei, kuna njia rahisi zaidi. Weka maji ya kimo cha vidole viwili, acha makopo humo kwa nusu saa hivi, kisha toa makopo na umwage maji yaliyobaki. Rudia tu pale ambapo kopo limekuwa jepesi mkononi. Mkono wako ni mizani nzuri. Sisi tungefanya hivyo, miche ile ingepona.

Tena tusichanganye mambo. Ikiwa haja yenu ni sukuma wiki ya familia nzima, chombo cha dirishani hakitatosha. Hapo gunia ni bora. Mwaka 2008, baada ya zile ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia watu wa Kibera kupanda mboga kwenye magunia, na gunia humwagiliwa kwa juu, kupitia nguzo ya mawe iliyo katikati. Vyombo vya kunywesha kwa chini vina kazi yake, nayo ni miche, dhania, vitunguu vya majani na maua.

Tufanye nini sasa?

Tunapendekeza hivi. Kila nyumba ya kikundi itengeneze chupa mbili za aina hii, na ipande kopo mbili za kawaida za kumwagilia kwa juu. Udongo uwe mmoja, mbegu moja, dirisha moja. Andikeni kwenye daftari ni vikombe vingapi vya maji kila moja imekunywa. Baada ya wiki nne leteni zote hapa, tuziweke kwenye meza hii, kila mtu aone kwa macho yake. Halafu ndipo mpige kura juu ya pesa. Muuzaji akisema hawezi kungoja wiki nne, basi hilo nalo ni jibu.

Wale mliosema ndiyo na wale mliosema hapana, wote mlikuwa na nusu ya ukweli. Maji hupanda, lakini bila mtu wa kuyaangalia yanaua. Pesa ya kikundi nayo ni hivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na siku moja ya haraka humwaga kibaba chote.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, ni nani anayeteka maji? Ameulizwa maoni yake kuhusu vyungu hivi?
2. Tumewahi kununua kitu kama kikundi kabla ya kukijaribu? Tulijifunza nini?
3. Dirisha letu linapata mwanga wa kutosha kwa saa ngapi kwa siku?
4. Ni mzee au mgonjwa gani karibu nasi ambaye tungemtengenezea chupa mbili za kwanza?

Tukutane baada ya wiki nne, kila mtu na chupa zake.