Duka Lisilo na Mlango
Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji walio jeshini na polisi



Anayeshuka kutoka katikati ya mji wa Arua kuelekea upande wa mto Oli huvikuta vibaraza vilivyojaa kazi. Hapa mama anasuka kifuniko cha chakula chenye rangi nne, pale mwingine anapima ufuta kwa kikombe, na mbele kidogo kijana ametandika samaki wakavu waliotoka Pakwach. Kiswahili kinasikika, na Kinubi, na Kilugbara, na Kikakwa. Wengi miongoni mwenu mnaifahamu Oli vizuri, kwa kuwa mmezaliwa huko, au mmeoa huko, au mzee wenu alirudi kuishi huko baada ya kuvua magwanda. Jioni hii tunataka kuzungumza juu ya jambo lililoingia katika vibaraza hivyo kimyakimya, nalo ni biashara inayofanywa kwa njia ya simu na mitandao ya kijamii.

Huenda baadhi yenu mkauliza, askari ana nini na biashara? Jibu lake ni rahisi. Sheria za kazi humzuia askari asiuze vitu akiwa zamu, lakini hazimzuii mkewe kulisha watoto, wala hazizuii siku ya kustaafu isifike. Wazalendo, chama cha akiba na mikopo cha jeshi, na Exodus, kile cha polisi, vimewapa wengi mikopo. Mkopo ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kumpata mnunuzi, na hapo ndipo fedha za wengi huzama.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mnamo Agosti 1972 serikali ya wakati ule iliwapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda. Maduka yao yaligawiwa watu, wengi wao wakiwa wanajeshi na jamaa zao, na wananchi wakawapachika jina la mafuta mingi. Waliopewa walikuta rafu zimejaa bidhaa, mizani ipo juu ya meza na funguo zimo mlangoni. Muda si mrefu rafu nyingi zilikuwa tupu. Kwa nini? Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo sera mbovu na upungufu wa fedha za kigeni, lakini iko moja ambayo hatuitaji mara kwa mara. Mwenye duka wa zamani alikuwa akimjua muuzaji wa jumla wa Kampala na wa Mombasa, aliyempa bidhaa kwa ahadi ya mdomo, na alikuwa akimjua mnunuzi wa kijijini aliyelipa baada ya mavuno. Ujuzi huo haukuwamo ndani ya jengo. Uliondoka pamoja na wenyewe, na aliyebaki na funguo alibaki na kuta.

Watu wa Oli wao walijifunza jambo hili kwa uchungu wa namna nyingine. Baada ya vita vya 1979 wakazi wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan, na baadhi yao walikaa huko kwa miaka mingi. Waliporudi walirudi mikono mitupu, ila hawakuwa maskini wa watu. Walikuwa na shemeji Ariwara, rafiki Yei, na mtu aliyewahi kuwauzia chumvi kwa mkopo huko Kaya. Biashara ya mpakani, kuanzia Vurra hadi Oraba juu ya Koboko, ilisimama juu ya mahusiano hayo.

Walikuwapo hata wale vijana wa mafuta ya magendo waliojiita OPEC, waliouza petroli kwa madebe kandokando ya barabara za Arua. Polisi mnaonisikiliza mnazijua hasara za biashara ile, moto ukiwa mmojawapo, na hapa hatuisifu. Tunasema tu kwamba vijana wale hawakuwa na kibao wala tangazo la redio, na bado dereva wa lori alijua asimame wapi na amwite nani.

Basi, ndugu msikilizaji, mtandao wa kijamii ulikuwapo Oli kabla ya simu. Simu imeurefusha. WhatsApp, Facebook na TikTok ni barabara, na barabara haimpeleki mgonjwa hospitali kama hakuna gari. Gari lenyewe ni jina la muuzaji.

Tuchukue mfano wa mke wa koplo anayesuka vifuniko vya chakula. Mumewe yuko kikosini mbali, naye ana watoto wanne na simu ya kawaida yenye kamera. Zamani angewauzia majirani zake, ambao nao wanasuka vifuniko hivyo hivyo, kwa hiyo bei ingekuwa duni. Wateja wanaovitamani wako Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapo, wako Juba, wako hata London, kwa kuwa wana wa Nile Magharibi wametawanyika, na aliye mbali na kwao hupenda meza yake ifanane na ya mama yake. Afanyeje ili wamwone?

Kwanza apige picha ya kifuniko alichokisuka mwenyewe. Nasisitiza, alichokisuka mwenyewe. Siku hizi watu huchukua picha nzuri ya kitu cha mtu mwingine, wakaitangaza, kisha mteja akapokea kitu kingine kabisa. Huo ni udanganyifu, na afisa wa upelelezi hatahangaika sana kuupatia jina. Picha ipigwe asubuhi, nje, mwanga ukiwa mzuri, juu ya kitambaa kisicho na madoa, na pembeni pawekwe kitu kinachojulikana, kama vile kikombe, ili ukubwa wa kifuniko uonekane. Kisha aandike bei.

Iko tabia ya kuficha bei na kumtaka kila anayeuliza aje pembeni kunong’onezwa. Mteja mwenye heshima zake huona anaviziwa, na huenda zake. Katika soko la Arua muuzaji husema bei, mnunuzi akapunguza, wakacheka, wakamaliza. Kwa nini simu itufanye wasiri?

La pili ni salamu. Sisi si watu wa kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Lakini tazama makundi yetu ya simu: kundi la msiba hutumiwa tangazo la viatu, na kundi la wazazi wa shule hutumiwa picha za magodoro usiku wa manane. Anayefanya hivyo hudhani anatangaza biashara, kumbe anafundisha watu kulikimbia jina lake. Afadhali mama yetu aweke picha zake mahali ambapo anayetaka ataziona kwa hiari, na amwandikie mtu mmoja mmoja yule aliyewahi kununua: habari za watoto, mvua imenyesha huko, nimesuka vipya vya Idi, ukipenda nitakutumia picha. Na asiyejua kuandika sana arekodi sauti yake. Hili ni jambo kubwa kwa mkoa wetu. Mnunuzi wa Aru ataelewa Kiswahili, wa Juba atasikilizana naye kwa Kinubi, maana Kinubi na Kiarabu cha Juba havikuachana mbali, na wa Koboko atajibiwa Kikakwa. Ni wafanyabiashara wangapi wa miji mikubwa walio na mtaji wa namna hiyo?

Wapo vijana watakaomwambia kwamba bila wafuasi elfu kumi hana biashara. Mimi sikubaliani nao. Mama mwenye wateja arobaini ambao kila mmoja humnunulia mara mbili kwa mwaka, na ambaye mikono yake haiwezi kusuka vifuniko zaidi ya hivyo, amekwisha kufika. Elfu kumi wanaotazama na kupita hawanunui hata sindano.

Lakini barabara hizi zina vizuizi, na ni haki tuvitaje. Umeme wenyewe ulikuwa taabu, kwa sababu Nile Magharibi kwa miaka mingi haikuunganishwa na gridi ya taifa, na kuijaza simu chaji kulikuwa ni gharama ya pekee. Mnamo Julai 2018 ilianzishwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Mwaka huo huo fedha za simu nazo zikawekewa kodi, ambayo baadaye ilibaki nusu asilimia wakati wa kuzitoa. Kodi ya shilingi 200 iliondolewa 2021, na mahali pake ikaja ya asilimia 12 juu ya gharama ya intaneti. Kwa mwenye mshahara ni fedha kidogo. Kwa mwenye faida ya shilingi 5,000 kwa kifuniko, lazima zihesabiwe ndani ya bei, la sivyo atakuwa anasuka bure.

Januari 2021 likatokea jambo jingine. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 mitandao ya kijamii ilifungwa, kisha intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, Facebook haikurudi pamoja na nyinginezo. Sababu za kisiasa na za usalama zimejadiliwa na wengi, nami sitazirudia. Tumtazame mfanyabiashara mdogo. Aliyekuwa amejenga jina lake lote mle ndani, kwa miaka mitano au sita, picha zake zimo mle, wateja wake wamo mle, aliamka asubuhi akakuta duka limefungwa na hajui mteja hata mmoja anakaa wapi. Hakuwa ameiba wala kumtukana mtu. Yule aliyekuwa na majina na nambari za wateja wake katika daftari la shilingi 1,000 aliwapigia simu, wakaendelea. Ndiyo maana nasema mke wa koplo awe na daftari, na kila aliyenunua aandikwe: jina, nambari, alichokinunua, siku aliyolipa, na kama ana dada anayeolewa mwezi ujao. Daftari hilo lifungiwe sandukuni pamoja na vyeti vya watoto.

Sasa nawageukia ninyi wenyewe mnaovaa sare. Mama akiwa na biashara ya simu, nyumba yenu imefunguliwa dirisha. Kifuniko kisipigwe picha mbele ya ghala la silaha, wala mbele ya gari la jeshi lenye nambari. Watoto wasitaje baba amehamishiwa wapi. Msidhani ni vitisho vya bure. Januari 2018 ilifahamika duniani kote kwamba ramani ya programu moja ya wakimbiaji, iitwayo Strava, ilikuwa inaonyesha mistari ya mahali askari wa mataifa makubwa walipofanyia mazoezi, ndani ya kambi zilizopaswa kuwa za siri. Hakuna jasusi aliyehitajika. Askari wenyewe walikuwa wamevaa saa mkononi.

Kadhalika sare isitumiwe kama tangazo. Picha ya sajini amesimama nyuma ya mizigo ya mkewe humwambia mnunuzi kwamba asithubutu kulalamika, na mnunuzi mwenye hofu hununua mara moja tu. Tena wako matapeli wanaoiba picha za askari wenye sare, wakatangaza nafasi za kuandikishwa jeshini au polisi na kudai ada kwa fedha za simu. Kijana wa Koboko aliyeuza mbuzi wake wawili kulipa ada hiyo hamjui tapeli. Anaijua sura iliyo pichani.

Polisi wa mapokezi nao nina neno nao. Mama akija kituoni kusema ametumiwa ujumbe wa uongo wa malipo, akatoa mzigo, kisha akakuta fedha hazimo, asichekwe. Asiambiwe kwamba hayo ni mambo ya simu, aende kwa kampuni ya simu. Nambari za simu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na shauri la namna hiyo lina mahali pa kuanzia. Kwa upande wake, naye ajifunze kutazama salio lake mwenyewe kabla ya kuufunga mzigo, hata kama mnunuzi anamharakisha na kujiita mheshimiwa.

Namalizia na jambo dogo ambalo kwangu mimi ndilo kipimo. Tuseme mama yetu ametuma kifuniko Kampala kwa basi, kwa shilingi 40,000, nacho kimewekewa gunia la mihogo juu yake, kikafika kimepindana. Mnunuzi anatuma picha, amekasirika. Aliyekosea ni mpakiaji wa basi. Mama ana njia mbili. Anaweza kunyamaza, maana fedha zimekwisha ingia na Kampala ni mbali. Au anaweza kujibu saa ile ile, aombe radhi, na kukaa barazani siku tatu asuke kingine, akijua kwamba faida ya vifuniko kadhaa imekwenda na basi lile. Mnunuzi yule ana dada zake, ana kundi la akina mama wa msikitini kwake, na jioni ile wote watasikia lililotokea, liwe lipi. Kifuniko cha pili, kikiwa ndani ya boksi gumu safari hii, kitaondoka Arua kwa basi la usiku.